Simu Iliyorudishwa Mwaka Jana

Tulikuwa watu watano barazani kwangu siku ile, hapa Kibiti, Alhamisi moja ya mwezi wa Shaabani. Miye mwenyewe, nimekaa mkekani, miguu nimeinyoosha kwa kuwa magoti hayakunji tena. Mkamwana wangu, mke wa mwanangu wa pili, ndiye aliyeshika simu. Jirani yangu wa mlango wa pili, Mmatumbi wa milimani, mtani wangu tangu sote tulipokuwa na meno. Huyo hakuitwa, alikuja na ungo wake wa mchele akakaa. Fundi simu wa pale stendi, ambaye bibi yake mzaa mama nililima naye bonde moja, alikuja baadaye. Wa tano ni huyo mwanangu wa pili. Hakuwepo, alikuwa amesharudi Dar es Salaam, lakini namhesabu kwa sababu yeye ndiye aliyeanza.

Na ng'ambo ya maji, Mbwera, wawili wanahusika: mdogo wangu wa kike, tumenyonya ziwa moja, na mwanawe anayeendesha boti.

Majina yao ninayo, na ya baba zao, na ya waliowakata vitovu. Hata kwenye mirathi watu huja kuniuliza miye. Lakini hapa sitayaandika. Walio hai watanikasirikia, na waliokufa wana siku yao ya kuitwa. Mama yangu hakupenda jina la mtu wetu likae karatasini. Alisema karatasi mwisho wake ni kufungia karanga. Kuandika nimejifunza ukubwani, ngumbaru, na mkono wangu ni mzito, lakini neno hilo la mama nimelishika.

Kwetu, kabla Ramadhani haijaandama, ukoo hukutana makaburini kuwarehemu wazee. Mwalimu wa chuo cha Kurani anasoma, kisha mtu mmoja anaita majina, jina moja moja, na watu wanaitikia: Mungu amrehemu. Anaanza na yule aliyekuja kufyeka kisiwa kikiwa pori, anashuka hivyo hivyo mpaka aliyezikwa juzi. Kazi hiyo kwetu ni ya mwanamke. Bibi alikuwa nayo, akampa mama, na mama akanipa miye dunguni, juu kule, tukiwinga ndege kwenye mpunga. Alinifundisha kwa mkupuo mmoja. Nikikosea, narudi juu kwa mfyeka kisiwa. Ndiyo maana mpaka leo majina yangu ni kama ukili: ukiuachia katikati unafumuka, huwezi kuokota pale pale ukaendelea.

Na jina likiitwa lazima liitikiwe. Ukimwita mzee kisha pakawa kimya, ni sawa na kumwita mgeni mpaka mlangoni ukamwacha amesimama. Mama alikuwa anatuchapa kwa hilo.

Makaburi yetu yako kwenye ulimi wa mchanga nyuma ya mikoko, na upande mmoja maji yameula. Wapo wazee wetu ambao walipolazwa sasa wanapita samaki. Hawana jiwe, hawana mti. Wana jina tu.

Zamani nilikuwa naenda mwenyewe, kwa boti, kutoka Nyamisati. Kule hakuna gati. Unashuka kwenye tope mpaka mapajani. Magoti yalipokataa, yule mwana wa mdogo wangu akasema, "Mama mkubwa, wewe baki, majina yaje." Akamwelekeza mkamwana anifundishe. Nina simu ya kupangusa, aliyoniachia mwanangu alipopata nyingine. Mna programu ya kutumiana sauti. Unabonyeza kile kipaza sauti kwa kidole gumba, unakishikilia, unasema, ukiachia inakwenda. Haikunishinda. Kidole changu kilikuwa kinapajua kama kinavyojua tundu la sindano.

Makaburini mtandao haufiki kabisa. Kule unashika dikoni tu, zinapofikia boti ng'ambo ya kisiwa, usimame juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Basi kijana huyo huwa anavuka kwenda dikoni maji yakijaa, anaipokea sauti yangu, anazima simu kuhifadhi chaji, anarudi kisiwani. Siku ya dua anaiweka simu ndani ya bakuli la bati ili sauti ikue, na watu wanaiitikia. Mdogo wangu aliniambia mwaka wa kwanza, "Dada, umetoka kwenye bakuli kama jini, lakini hukusahau hata mmoja."

Mwaka huu palikuwa na jina jipya. Tulizaliwa watano. Kaka mkubwa na dada yetu walitangulia zamani. Miye ni wa tatu, mdogo wangu wa kike ni wa nne, na kitinda mimba alikuwa mwanamume. Alifariki mfungo tatu, huko huko kisiwani. Sikumzika, maiti haingoji magoti ya mtu. Nililia hapa hapa mkekani na watu wakaja kunipa pole. Nikajiambia, Shaabani ikifika nitamwita kwa jina lake lote, na la baba, na la babu, mbele ya watu, amfuate dada yake kwenye foleni. Hilo ndilo lililokuwa limebaki la kumfanyia. Sikuwa na lingine.

Sasa, mwanangu alikuja kunitazama wiki ile. Mtoto mwema. Aliishika simu yangu akatikisa kichwa. "Mama, hii programu yako ya zamani mno. Ngoja nikuapdetie." Nikamwambia inatosha hivi hivi. Akacheka. "Utaona itakavyokuwa nzuri." Akaapdeti, akanibusu mkono, akapanda basi.

Alhamisi ile, baada ya adhuhuri, mwana wa mdogo wangu alipiga. "Mama mkubwa, alasiri maji yakijaa nitakuwa dikoni. Nikishapata sauti yako nazima, navuka. Kesho baada ya Ijumaa tunasoma." Nikamwambia tayari. Nikatia udhu. Mkamwana akakaa mbele yangu, kwa kuwa miye siwezi kuita bila mtu wa kuitikia; yeye huitikia kwa sauti ya chini ili sauti yake isiingie.

Nikaanza. Nikamwita mfyeka kisiwa. Nikashuka kwa wanawe, kwa wake zao, kwa yule aliyechukuliwa na mamba na yule aliyekufa kwenye mafuriko. Nimefika kwa wajomba wa mama, simu ikaganda. Picha ikawa nyeupe, ikatokea maandishi, mkamwana akasoma: programu imeacha kufanya kazi. Ikajifunga yenyewe. Sauti yote imepotea.

"Anza tena, mama," akasema.

"Nimeshawaita. Wamesimama."

"Mimi nimewaitikia."

"Wewe peke yako hapa. Wao wanangoja kule."

Lakini nikaanza tena. Ikafika pale pale, kwa wajomba, ikajifunga. Mara ya tatu hata kwa wajomba haikufika. Mtani wangu alikuwa anapepeta mchele wake, anatusikiliza.

"Nyie watu wa mtoni wafu wenu wengi mno," akasema. "Mnalala na mamba, mnategemea nini? Siye milimani tunaita watatu, tunakwenda kula."

"Mnaita watatu kwa sababu wa nne hamumjui baba yake."

"Na wewe unawajua wote, simu inawakataa."

Tulicheka. Nasema kweli tulicheka, maana nilikuwa bado sijaogopa.

Mkamwana ndiye aliyepata wazo. "Mama, vipande vidogo inakubali. Watume kidogo kidogo. Malizia kipande, achia, anza kingine." Nikamwambia siwezi kuanzia katikati. "Jaribu tu, mama. Maji yanajaa kule." Jua lilikuwa limeshageuka upande wa msikiti.

Nikajaribu. Kipande cha kwanza, kutoka kwa mfyeka kisiwa mpaka kabla ya wajomba, kilikwenda. Cha pili nikakianza kwa tabu, nimefumba macho, kikaenda nacho. Nikapata moyo. Cha tatu ndicho chetu sisi, tumbo la mama. Nikamwita mama mwenyewe. Nikamwita kaka mkubwa. Nikamwita dada. Miaka yote nilikuwa naishia hapo, kwa dada. Baada ya dada walikuwa wazima wote. Sasa nilitakiwa niruke watu wawili, nijiruke miye, nimruke mdogo wangu, nimfikie kitinda mimba. Kujiruka nilijiruka, mtu hajiiti. Lakini ulimi ulikuwa umezoea tulivyozaliwa, mmoja nyuma ya mwingine, kama mama alivyokuwa anatuita kuoga. Ukamwita mdogo wangu. Jina lake, la baba, la babu. Mzima, anakaanga samaki Mbwera, nimemwita katikati ya maiti.

Nikashtuka. Kidole kikaachia. Na ukiachia, inakwenda.

Mkamwana alikuwa ameshaitikia kabla hajajua. "Mungu amreh..." Akaziba mdomo.

Mtani wangu akauweka ungo chini. Ukiona Mmatumbi kanyamaza, ujue jambo limekuwa jambo.

"Ifute," nikasema. "Ifute upesi."

"Naifuta, mama. Inazunguka. Inazunguka tu." Akabonyeza, akabonyeza. "Imeganda."

"Imefika?"

Akaniangalia. "Imefika. Zote tatu zimefika. Ameshazipokea."

Tukampigia yule kijana. Haipatikani. Tukapiga tena, haipatikani. Amezima, kahifadhi chaji kama tulivyomfundisha. Tukampigia mwanangu Dar es Salaam. "Mama, kwani huwezi kuandika tu majina ukamtumia?" Nikampa mkamwana simu aongee naye, maana ningemjibu vibaya. Mwanangu ndiye aliyesema, "Mwite fundi, airudishe ile ya zamani."

Fundi akaja na pikipiki, kijana mpole, kofia ameivua mlangoni. "Shikamoo bibi." Nikamweleza. Akaipima simu mkononi kama anayepima samaki.

"Bibi, programu imeshiba kuliko simu. Hii mpya ni ya simu kubwa. Nitaitoa, nikuwekee vesheni ile ile uliyokuwa nayo."

"Na ile niliyoituma kwa makosa, utaivuta?"

"Nikiitoa hii, mazungumzo yote ya humu yanaondoka."

"Na ya kule?"

"Ya kule yanabaki kule. Iliyotoka imetoka, bibi."

"Sasa unanisaidia nini?"

Akajikuna shingo. "Utaweza kusema yote tena, bila kukatika. Ukituma sahihi, wataisikia ya mwisho."

Nikakubali. Ningefanya nini? Mwana wa mdogo wangu angeweza kuwasha tena kabla hajavuka, tulijiambia hivyo. Fundi akaitoa mpya. Akaipokea ya zamani kutoka kwenye simu yake, akaiweka. Ilipofunguka ikakataa, ikaandika imepitwa na wakati. Fundi hakushtuka. "Hii tunaidanganya," akasema. Akaenda kwenye saa ya simu akairudisha nyuma, siku, miezi, mpaka ikawa mwaka jana. Programu ikafunguka. Ile ile. Kipaza sauti kimekaa pale ninapopajua.

"Kumbe ndivyo mnavyofanya," mtani akasema. "Na miye nirudishie mwaka, niolewe upya."

Fundi akacheka, akaniambia, "Imepona, bibi," akaitwa na watu wake wa stendi, akaondoka.

Nikatia udhu upya. Nikaita. Wallahi sijawahi kuita vile. Mfyeka kisiwa, wanawe, waliozama, wajomba wa mama wote, mama, kaka, dada. Nikafika pale pabaya, nikashika pumzi, nikaruka. Nikamwita kitinda mimba wetu, jina lake, la baba, la babu. Mkamwana akaitikia na machozi yanamtoka. Mtani naye akaitikia, huyo Mmatumbi, kwa sauti, na sauti yake imo humo. Nikaachia kidole.

Tukangoja. Pembeni ya ile sauti palikuwa na kijisaa kidogo cha duara.

"Hiki nini?"

"Inangoja kwenda, mama."

"Inangoja nini?"

Mkamwana akatoka uani akainyanyua juu, akatembea nayo mpaka barabarani, akarudi. Kijisaa. Akaenda mpaka stendi kwa fundi. Nilibaki na mtani, tunatazama barabara. Aliporudi alikuwa anatembea polepole, na miye nikajua kabla hajafika.

"Fundi anasema ikiwa tarehe ya nyuma, inafunguka lakini haitumi. Na tukirudisha tarehe ya leo, haifunguki."

"Akatumie kwa simu yake yeye."

"Amekubali, anakuja. Lakini mama..." Akaangalia jua. Na miye nililiangalia. Mtu aliyezaliwa Mbwera haulizi maji yako wapi. Yalikuwa yameshaanza kutoka. Boti ilikuwa imeshavuka, au ingekwama topeni. Fundi akaja, nikasema naye kwa adabu, nikaita kwenye simu yake, ikaenda, ikakaa na alama moja tu. Alama moja maana yake haijafika kwa mtu.

Ijumaa niliketi hapa tangu walipotoka msikitini. Nilijua sasa wanafagia makaburi. Sasa mwalimu anasoma. Sasa bakuli la bati. Nilijua kila kitakachotoka humo, jina kwa jina, na mwisho wake, na sikuwa na mkono wa kukiziba. Mkamwana aliniletea uji ukapoa. Mtani alikuja akakaa tu, hakutania.

Jumapili kitochi cha mkamwana, simu yake ndogo, kikalia. Mdogo wangu, kutoka dikoni. Upepo unakoroma kwenye simu.

"Dada, mbona umeniua?"

Nikaibana simu sikioni.

"Nilikuwa nimesimama mbele, na ushungi wangu mpya. Wanaitikia, wanaitikia. Mara nasikia naitwa miye. Watu kimya! Mwalimu kanikodolea macho. Nikasema, hapa hakuna wa kuthubutu, jina limeitwa, litasimama mlangoni. Nikaitikia mwenyewe. Mungu amrehemu! Kwa nguvu. Hata aliye hai si anahitaji rehema?"

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Nikusamehe nini? Umeniita vizuri, mpaka babu."

"Na kitinda mimba?"

Upepo ukakoroma. Nikadhani imekatika.

"Baada yangu hapakuwa na mtu, dada. Bakuli likanyamaza. Wote wananitazama. Nikataka nimwite. Wallahi jina lake lile kubwa likanipotea, na la babu likanipotea, nimeshajiitikia maiti. Nikamwita lile tulilokuwa tukimwita wali ukiiva."

Lile jina la utotoni, la kumwita aache maji aje kula. Katika tumbo la mama, sisi wawili tu tumebaki tunaolijua.

"Waliitikia?"

"Wazee waliitikia. Vijana wakatazamana, hawakujua ni nani."

Simu ikakatika, chaji au salio, sijui.

Nimemuuliza mwalimu wa chuo cha hapa kama ile ilihesabika. Akasema Mungu anamjua mja wake kwa jina lolote. Nimelisikia, nalikubali. Lakini miye sikuwa na shaka na Mungu. Nilitaka wale vijana walisikie jina lake, walishike, kwa sababu Shaabani nyingine sijui nani ataita, na kaburi lake liko upande ule wa maji.

Mwanangu alipokuja tena aliishika simu. "Mama, hii imekaa mwaka jana. Nipe niirekebishe."

"Iache."

"Haifanyi kazi yoyote."

"Nimesema iache."

Ameiacha. Ipo juu ya kabati, mkamwana huichaji. Akiirekebisha, ile sauti itaondoka na kijisaa chake, na miye sidhani kama naweza tena kuita vile, kwa pumzi moja. Humo ndani ni mwaka jana. Kitinda mimba wetu anavua kamba kule Salale, atarudi na bamvua, maji yakijaa sana. Sauti yenyewe siifungui ovyo, kwa kuwa ikifunguliwa lazima paitikiwe, na mchana mara nyingi niko peke yangu.

Nimeandika nilivyokumbuka. Mtani anasema hakuwa na ungo wa mchele siku ile, ulikuwa wa kunde. Miye nauona mchele. Fundi huenda alikuja kabla hatujampigia mwanangu. Hayo nisahihisheni, sina ubishi. Lakini wewe uliyekuwepo makaburini Mbwera ile Ijumaa, uliyesimama karibu na mdogo wangu, nitafute uniambie. Mdogo wangu anasema wazee waliitikia. Upepo ulikuwa mwingi kwenye simu, sikusikia vizuri kama alikuwa anacheka au analia. Kama hawakuitikia, niambie hivyo hivyo. Na kama ni wewe ulikuwa miongoni mwa vijana waliotazamana, njoo Kibiti, kaa hapa mkekani, nikwambie alikuwa nani.